Tuache kuwaambia vijana "jaribu bahati"

Kila mwaka matokeo ya S.6 yakitoka, vijana wanakuja kwangu hapa Base Camp na swali moja: "Kaka, nina chansi ya chuo?" Na mimi miaka yote nilikuwa na jibu moja: "Jaribu tu, dogo. Mungu ni mkubwa."

Mungu ni mkubwa kweli. Lakini jibu langu lilikuwa uongo, na naona wengi wetu tunaousema uongo huo bado hatujatubu.

Kuna kijana mmoja alitaka udaktari tangu yuko shule ya msingi. Mama yake aliuza mahindi ya kula nyumbani apate nauli ya Mbarara na pesa ya fomu. Kijana alisoma HEG, yaani Historia, Uchumi na Jiografia, maana shule ya karibu haikuwa na maabara. Na alifaulu vizuri! Lakini udaktari unadai Baiolojia na Kemia. Fomu yake ilikufa kabla hajaijaza. Mimi niliiona fomu hiyo na matokeo yake, nikamwambia "jaribu".

Kuingia chuo siyo bahati nasibu. Ni hesabu, na hesabu yenyewe haijafichwa. Kwenye A-level, A ni pointi 6, B ni 5, C ni 4, D ni 3, E ni 2. Ila vyuo vya serikali kama Makerere havijumlishi hivi hivi. Somo la lazima kwa kozi unayoomba linazidishwa mara 3, somo linalohusiana nayo mara 2.

Chukua wawili wanaoomba udaktari. Wa kwanza ana A ya Baiolojia, A ya Kemia, E ya Hesabu: pointi 14. Wa pili ana C, C, na A ya Hesabu: pointi 14 vilevile. Nyumbani tutawapigia vigelegele sawa. Lakini Hesabu ikihesabiwa kama somo linalohusiana, wa kwanza ana 40, wa pili ana 36. Pengo hilo linatosha kumwacha mtu nje ya mlango. Msichana anaongezewa 1.5. Ni wasichana wangapi hapa Nakivale wanajua?

Najua mtakachosema: "Ukimwambia ukweli utamkatisha tamaa." Wahenga walisema mficha uchi hazai. Anayekatisha tamaa ni yule anayenyamaza S.4 halafu anatoa pole S.6. Kijana wetu angeambiwa mapema, na kama masomo yake ya sayansi ya S.4 yalitosha, angeweza kuanza na cheti cha uuguzi, aende diploma, halafu digrii. Njia ndefu, lakini ni njia.

Wengine wanasema, "Mkimbizi hawezi kushindana na wenyeji, asijisumbue." Hawa ni wabaya kuliko mimi. Sheria ya wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inataja mpaka kutambuliwa kwa vyeti vya nje. Wewe uliyetoka Congo na diplôme d'État yako sandukuni, kitafsiri na ukilinganishe sasa. Usingoje wiki ya mwisho ya maombi.

Na ninyi ndugu wa mashirika, tunawashukuru, lakini tuseme. UNHCR inataka asilimia 15 ya vijana wakimbizi wafike elimu ya juu ifikapo 2030. Mwaka 2019 walikuwa asilimia 3 tu. Lengo zuri. Lakini semina ya "ota ndoto kubwa", na soda na fulana, haipandishi asilimia. Tena mnachanganya milango miwili: kupata nafasi chuoni ni mmoja, kupata wa kukulipia ni mwingine. DAFI ipo tangu 1992, na kila mwaka wanaoomba ni wengi kuliko viti. Mwambieni kijana wazi ni mlango upi umefungwa, ili asijilaumu kwa ule mwingine.

Ninachodai ni kidogo. Kabla mtoto hajachagua masomo ya S.5, akae na mtu anayejua hii hesabu. Kwenye ukuta wa kila kituo cha vijana, Base Camp, Juru na Rubondo, ibandikwe karatasi: kozi, masomo ya lazima, na pointi za mwisho zilizoingia mwaka uliopita. Karatasi na gundi, basi. Hiyo haihitaji mfadhili.

Yule kijana sasa anaendesha boda, na akinipita ananisalimia kwa heshima. Heshima hiyo inaniuma. Mdogo wake wa kike yuko S.4, na wiki iliyopita tulikaa naye chini, tukapiga hesabu mpaka giza likaingia. Mzazi, mlete na wako. Kalamu ninayo.