Bibi Harusi, Sikiliza Albamu Nzima



Leo sina habari ya vitambaa wala mitindo ya mitandio. Nina hasira kidogo, na mimi nikiwa na hasira mashine hunikatia uzi kila dakika, kwa hiyo bora niiache niandike.

Juzi nilishona nguo za harusi moja, gauni la bibi harusi mwenyewe na za wapambe wake sita, nikaalikwa na ukumbini. Bibi harusi alimpa DJ orodha ya nyimbo ambazo karibu zote alizisikia kwenye simu, kipande cha sekunde kumi na tano, watu wanazunguka na kutingisha mabega. Mmoja ulikuwa wa mipasho. Kiitikio chake kitamu kweli, ukikisikia peke yake utadhani bwana harusi anasifiwa. DJ akauachia mpaka mwisho. Ubeti wa tatu ukawageukia wanawake wasiozaa, tena kwa maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa. Na mstari wa mbele kabisa, bahasha ya kutunza mkononi, alikaa shangazi wa bwana harusi. Ndiye aliyemlea kijana tangu mdogo, na Mwenyezi Mungu hakumjaalia mtoto wa tumboni mwake. Alijitanda vizuri mtandio wake, akainuka taratibu, akatoka. Watu walidhani kaenda msalani. Hakurudi.

Baada ya siku tatu bibi harusi alikuja dukani macho mekundu. "Dada, wallahi mie sikujua. Nilisikia kile kipande tu." Shangazi hapokei simu yake. Wifi zake wanaamini wimbo ule ulichaguliwa makusudi. Ndoa haijatimiza wiki na tayari ina jeraha, kwa ajili ya ubeti mmoja ambao mwenye shughuli hakuusikiliza.

Ndipo nikasema nitaandika. Tumezoea kuyaachia majina na vipande yatusikilizie. Tunaambiwa wimbo huu unavuma, tunachukua. Tunaambiwa albamu hii ni bora ya zama zote, tunaitikia. Gauni hulinunui kwa kuonyeshwa mkono mmoja wa kushoto. Unaligeuza, unaangalia bitana, unavuta mshono. Mbona muziki unauchukua bila kuugeuza?

Najua nitaulizwa, fundi cherehani anajua nini kuhusu albamu? Skuli niliishia kidato cha nne, kisha nikachukua kozi ya ushonaji. Lakini nakaa kwenye mashine saa kumi kwa siku, na miaka tisa iliyopita kaka yangu aliyeko Maskati aliniletea kadi ya simu yenye albamu mia na ushee, za kila aina, jazi, rege, soul, roki, za Kiarabu, za Kihindi. Nimezisikiliza zote kutoka mwanzo hadi mwisho, nyingine mara hamsini. Waandishi wanaopanga orodha za albamu bora sijui kama wanazisikiliza mara hamsini huku wakitia lulu kwenye kola.

Na kabla hamjaniandama kwa upande wa dini: wapo masheikh wanaokataza ala za muziki, na wapo wanaoruhusu kwa mipaka. Mimi si mwanachuoni. Asiyesikiliza kwa sababu ya imani yake namheshimu, na nikijua anakuja dukani nazima. Adhana ikilia nazima, Ramadhani haifunguliwi kabisa. Maneno yangu ni kwa nyinyi mnaosikiliza tayari, mnaolipa DJ na kukodi spika. Ikiwa mnasikiliza, basi sikilizeni kweli.

Kipimo changu ni kimoja. Nakata nguo, naweka albamu, naanza kushona. Ikiwa katikati mkono wangu unakwenda kwenye simu kuruka wimbo, albamu hiyo ina kiraka.

Thriller ya Michael Jackson, ya mwaka 1982, ina kiraka. Haya, nipigeni! Nyimbo tisa, saba zilitolewa peke yake moja moja, na hilo ndilo linalonitia shaka. Ni duka zuri la rejareja. Quincy Jones aliisimamia kwa ustadi mkubwa, mshono umenyooka, lakini ule wimbo anaojibizana na Paul McCartney wakigombania msichana nauruka kila siku ya Mungu. Wanaume wawili wazima wanabishana nani mwenye mwanamke, na mwanamke mwenyewe haulizwi! Albamu nzuri, naikubali. Bora kuliko zote, hapana.

Sgt. Pepper ya Beatles, 1967, mnaijua picha yake hata kama hamjaisikia. Kwangu ni gauni lenye shanga nyingi kuliko mkato. Upande wa pili unaanza na wimbo wa George Harrison wenye ala za Kihindi, huo ndio pekee unaonisimamisha, pengine kwa sababu sikio la mtu wa Unguja halioni ugeni kwenye sauti za Bombay. Na ule wa mwisho kabisa unatisha vizuri. Katikati ni sherehe ya watu wengine.

Sasa njooni kwenye Kind of Blue ya Miles Davis. Huyu ni Mmarekani, mpiga tarumbeta, na albamu ilirekodiwa New York mwaka 1959 kwa siku mbili tu, moja mwezi wa Machi na moja Aprili. Vipande vitano, hakuna anayeimba. Wapigaji hawakupewa nyimbo zilizoandikwa kamili, walipewa michoro tu wakaijaza wenyewe. Mteja mmoja aliniambia niuzime, muziki wa hotelini huo, utanifukuzia watu. Nikamwambia akae kwanza nimpime. Nilimpima kifua, kiuno, urefu wa mkono, na nilipomaliza hakuwa ameulizia tena. Kila mpigaji anamwachia mwenzake nafasi. Hakuna anayemkanyaga mwenziwe pindo. Kuna harusi nilizokwenda ambazo MC, DJ na mpiga matarumbeta wote wanapiga kelele kwa pamoja, na kila nikiwa kwenye harusi kama hiyo namkumbuka Miles Davis.

What's Going On ya Marvin Gaye, 1971, ndiyo niliyomwekea yule bibi harusi aliyekuwa analia. Marvin alikuwa na kaka mdogo aliyerudi kutoka vita vya Vietnam, na alichosikia kutoka kwake kimo humo. Mkubwa wa kampuni yake, Berry Gordy, hakuupenda wimbo wenye jina la albamu, hakutaka utoke. Marvin akashikilia. Nyimbo zenyewe zimeungana, moja inaingia kwenye nyingine bila kunyamaza, huwezi kuona mshono uko wapi. Ukikata kipande cha sekunde kumi na tano hapo umebaki na kitambaa chenye nyuzi zinazoning'inia. Dakika thelathini na tano, anauliza dunia ina nini, na hakuna mahali anamtukana mtu.

Na hapo najibu ile hoja ya kwamba nani ana muda wa albamu nzima. Wewe bibi harusi unao! Siku ya hina na piko umekaa mikono wazi saa tatu, huwezi kushika hata simu, mashoga wamekuzunguka. Siku za singo umefungiwa ndani. Ni muda mrefu kuliko utakaoupata tena kwa miaka, subiri uzae uone.

Kwenye hina mimi ningeweka The Miseducation of Lauryn Hill, ya 1998. Dada huyu alikuwa na miaka ishirini na tatu. Mwaka uliofuata alichukua tuzo tano za Grammy usiku mmoja, na ilikuwa mara ya kwanza albamu ya hip hop kuchukua ile ya albamu ya mwaka. Hayo ni ya magazeti. Ya kwetu ni haya: alipopata mimba aliambiwa na watu afikirie kazi yake kwanza, naye akamzaa mtoto na akamwimbia. Albamu inaanza kwa mwalimu kuita majina darasani, na Lauryn hayupo. Kisha katikati ya nyimbo tunawasikia watoto wanajadiliana na mwalimu mapenzi ni nini. Mabibi harusi wangapi nimewapima ambao hakuna mtu amewahi kuwauliza swali hilo! Wameulizwa rangi, ukumbi, idadi ya sahani za biriani. Albamu ina mahali pananichosha, theluthi ya mwisho inarefuka, lakini siirukii.

Exodus ya Bob Marley, 1977. Desemba ya mwaka uliotangulia alipigwa risasi nyumbani kwake Kingston, akaenda London akarekodi huko. Nyimbo zote zile zinazopigwa kwenye hoteli zetu za ufukweni, za kupendana na za ndege watatu, ziko upande wa pili. Upande wa kwanza una hasira na safari ya kuhama. Mtu aliyesikia upande wa pili peke yake anamjua Marley kama mchezaji wa ufukweni. Ukianza mwanzo, utaelewa kwamba anayeimba usijali ni mtu aliyekoswakoswa kufa, na maneno yale yale yanakuwa na uzito mwingine.

Sasa huyu wa kwetu, Freddie Mercury. Kazaliwa hapa Unguja mwaka 1946, jina lake Farrokh Bulsara. Mabibi harusi wangu wanapiga picha mbele ya mlango wake Shangani, gauni langu linaburuta Kenyatta Road (naomba mlinyanyue, jamani), na nikiwauliza wamesikiliza albamu gani ya Queen, kimya. Basi A Night at the Opera, 1975. Mtindo wa kila aina umo, roki nzito, nyimbo za kuchekesha za kizamani za Kiingereza, opera, na lile neno la Kiarabu tunaloanzia kila jambo limo ndani ya wimbo wake mkubwa, sauti juu ya sauti kama sketi ya tabaka kumi. Ni albamu ya fundi mwenye majivuno. Nafurahi kuisikia mara moja kwa mwezi. Mara mbili, hapana.

Lakini kuna jambo linaniuma hapa. Kwenye hizo orodha za albamu bora Siti binti Saad humuoni. Mwanamke wa Fumba, mfinyanzi na muuza vyungu, aliyekwenda Bombay mwaka 1928 na kurekodi kwa Kiswahili. Santuri za wakati ule upande mmoja ulichukua kama dakika tatu tu, albamu kama tuijuavyo haikuwapo, basi wanaopanga orodha kwa albamu wanampita. Kipimo chao kimekatwa kwa mwili wa mtu mwingine, halafu wanasema nguo haimtoshi. Bi Kidude, aliyejifunza kwake na kuwafunda mabibi harusi kwa ngoma ya unyago mpaka uzeeni, alipewa tuzo ya WOMEX mwaka 2005, akafariki 2013, na leo namsikia kwenye harusi zetu kwa sekunde chache tu, amepachikwa juu ya mdundo wa klabu ili watu wapige kelele. Bi Kidude! Mwanamke yule akishika pumzi tu unasimama.

Mwenye subira namfikisha kwa Umm Kulthum, Enta Omri, 1964, mara ya kwanza alipoimba utunzi wa Mohammed Abdel Wahab. Wimbo mmoja, karibu saa nzima. Baba yake alikuwa imamu wa kijijini, utotoni alianza na nyimbo za dini, na unausikia usomaji ule katika jinsi anavyomaliza kila herufi. Anarudia mstari mpaka ukumbi wote unaomba tena. Taarabu yetu imenyonya hapo, na bibi yangu aliujua wimbo ule bila kujua Kiarabu cha sokoni. Huu haukatiki vipande. Nimejaribu kumpa DJ mmoja, akaniuliza kiitikio kiko dakika ya ngapi.

Mipasho siikatai yote, msinielewe vibaya. Taarabu ina mafumbo, na fumbo lililotungwa vizuri ni raha. Ninachotaka ni kwamba kabla orodha haijafika kwa DJ, mwenye harusi akae na somo yake, au mama yake mdogo, wausikilize kila wimbo mpaka neno la mwisho, wajiulize nani atakuwa amekaa mstari wa mbele. Kama wimbo una ubeti wa kumchoma mjane, mgumba, mke mwenza au aliyeachwa, utoke. Lipa nusu ya pesa ya DJ baada ya kuona orodha, kama mnavyonilipa mimi baada ya kujaribu nguo.

Yule bibi harusi alikwenda kwa shangazi mwenyewe Ijumaa iliyopita, kwa miguu, bila kutanguliza simu. Sijui walizungumza nini. Jana alinipigia akaniomba vipimo vya gauni la mtu mzima, kitambaa cha maua madogo, mkono mrefu, na akaniuliza kama naweza kulimaliza kabla ya Idi. Nimekikata asubuhi hii. Nimeweka Kind of Blue.