Dalili 5 Kwamba Mbege Ndiyo Inakupika Wewe

Kuna staa mmoja wa Dar, jina kapuni, siku hizi studio humpati. Yuko home anapika mbege. Hobi sio mbaya, ila ukiona dalili hizi, ujue imeshamteka:

1. Ndizi zinaivishwa kwenye kabati la nguo, nguo ziko juu ya kiti.

2. Mchumba akisema "tuongee", anajibiwa "subiri kwanza nionje uchungu wa msesewe".

3. Anajua ndizi zimekaa siku ngapi tangu zichemshwe, siku ya kuzaliwa ya mtoto haikumbuki.

4. Ndoo ina jina, na ndiyo inayopostiwa. Mchumba hapostiwi.

5. Washkaji hawaji tena, maana kila wakija wanapigwa darasa la kimea cha ulezi masaa mawili.

Hiyo namba 5 ndiyo yenye shida. Mbege haikai, siku chache tu imechacha. Ndiyo maana Uchagani inapikwa kwa ajili ya watu: harusi, msiba, kata inazunguka. Ukipika ndoo nzima ukanywa peke yako, hiyo sio mila tena, ni upweke wenye povu.

Bro, funika ndoo, mpigie mchumba. Au wadau mnasemaje?