Kolesteroli nzuri ya vidonge haiukingi moyo

Siku hizi virutubisho vya "kupandisha kolesteroli nzuri" vinatangazwa kila kona, na wapo wagonjwa wanaoacha dawa za hospitali kwa ajili yake. Hapo ndipo penye hatari.

Kolesteroli nzuri, yaani HDL, huondoa mafuta ya ziada kwenye mishipa na kuyarudisha kwenye ini. Lakini kuipandisha kwa vidonge ni jambo jingine. Niasini, ambayo ni vitamini B3, ilijaribiwa kwa dozi kubwa katika utafiti wa wagonjwa zaidi ya 25,000 wa Ulaya na China waliokuwa wakitumia statini. Matokeo yaliyochapishwa 2014 yalionyesha HDL ilipanda, ila mshtuko wa moyo na kiharusi havikupungua. Baadhi yao walipata hata kisukari.

Mafuta ya nazi nayo (najua wapishi wa Pwani hawatanipenda) hupandisha HDL pamoja na ile mbaya, LDL.

Kinachosaidia ni kuacha sigara, kupunguza kitambi na kutembea kwa kasi dakika 30, siku tano kwa wiki. HDL itapanda kidogo tu, lakini shinikizo la damu na sukari navyo hushuka. Ukipewa majibu ya kipimo, muulize daktari kwanza kuhusu LDL. Hiyo ndiyo inayoshushwa na statini, na usiache dawa bila ushauri wake.