Mama mdogo kanunua bando, sisi tumelila

Ndugu zangu, leo nina hasira na wa kwanza kunikasirisha ni mwajiri wangu. Nikifukuzwa kazi mtajua sababu.

Wiki mbili zilizopita niliandika habari ndefu kuhusu wakulima wa mpunga wa bonde la Kilombero. Niliihangaikia kweli kweli: basi, vumbi, simu zisizopokelewa. Ilipotoka nikampigia mama yangu mdogo anayeishi Ifakara, maana ndiye aliyenitambulisha kwa wakulima wawili kati ya wale niliowahoji. Nikamwambia, mama, ingia kwenye tovuti yetu usome. Akanunua bando la siku la shilingi 500 kwa ajili hiyo tu.

Jioni akanipigia. "Mwanangu, nimemwona waziri anakata utepe, nimewaona wachezaji, nimemwona bibi harusi sijui wa nani. Habari yako sijaiona. Bando limekwisha."

Nilicheka. Baadaye nikaona aibu. Nikakaa kwenye kompyuta ya ofisini nikaupima ukurasa wetu wa mbele. Kivinjari chochote cha kisasa kina sehemu ya kupima uzito wa ukurasa, si lazima uwe fundi. Jibu: MB 14. Picha arobaini na ushee, na kadhaa kati ya hizo zimetoka kwenye kamera zikapandishwa jinsi zilivyo, MB 4 kwa picha moja, halafu kwenye ukurasa zinaonekana ndogo kama kiberiti.

Hebu tupige hesabu pamoja. Mtu mwenye bando la MB 200 akifungua ukurasa wetu mara moja kwa siku, siku ya kumi na nne amebakiwa na MB 4. Hapo hajafungua habari hata moja, hajatumiwa video ya shemeji, hajatafuta matokeo ya mtoto. Na wengi wanaofika ukurasa wa mbele huona picha tatu au nne za juu, wanabonyeza wanachotaka, wanaondoka. Zile picha nyingine zote wamezilipia bila kuziona.

Fikiria umeingia kwa mama lishe ukaagiza chai na chapati mbili. Anakuletea pilau, supu, samaki na maharage, anakupangia mezani, kisha anakudai vyote. Ukimuuliza anasema, "Nilidhani huenda ungetaka." Utamlipa? Sisi wenye magazeti tunamfanyia msomaji hivyo hivyo kila siku, na hana pa kulalamika kwa sababu aliyemkata fedha ni kampuni ya simu.

Kinachoniumiza zaidi ni kwamba dawa ipo na haina gharama. Mafundi wanaiita upakiaji mvivu, ingawa mimi sioni uvivu wowote hapo. Picha iliyo chini ya ukurasa haiitwi mpaka msomaji akaribie kuifikia. Ukishuka, kivinjari huanza kuichukua kabla hujaifikia, kwa hiyo mara nyingi hutajua kama ilikuwa inasubiri zamu yake. Usiposhuka, haiji, na bando lako linabaki lako. Zamani ilibidi fundi aandike programu yake mwenyewe kufanya kazi hiyo. Chrome ilianza kuifanya yenyewe mwaka 2019, Firefox mwaka 2020, Safari mwaka 2022. Fundi anaongeza maneno haya tu kwenye picha: loading="lazy". Basi. Na kivinjari cha zamani kisichoyaelewa kinayapuuza, kinapakia picha kama kawaida. Hakuna kinachoharibika.

Nikaipeleka hoja kwa bosi. Jibu: "Kijana, wewe andika habari, mitambo ina wenyewe." Nikaenda kwa wenyewe. Wao wakanipa sababu tatu.

Ya kwanza, intaneti siku hizi ni ya kasi. Ya kasi, sawa, lakini ya bure? Kaka yangu mkubwa ananisimulia enzi za intaneti kafe, walipokuwa wanalipia nusu saa na wajanja wanazima picha ili maandishi yafunguke haraka. Kisha mkongo wa SEACOM ukafika Dar es Salaam Julai 2009, EASSy ukafuata 2010, na sisi wenye tovuti tukaanza kuishi kama waliorithi. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo hiyo miwili ikapata hitilafu baharini. Siku ile simu yangu ilifungua kurasa za maandishi kwa kujikongoja. Ukurasa wetu haukufunguka kabisa. Siku watu walipotuhitaji kuliko siku zote, tulikuwa wazito mno kuwafikia.

Ya pili, eti wenye matangazo watalalamika matangazo yao yakisubiri. Jamani! Tangazo lililopakiwa chini ya ukurasa ambako hakuna aliyefika, nani kaliona? Huyo mfanyabiashara analipia macho ambayo hayapo. Angejua, angetulalamikia sisi.

Ya tatu, eti gharama ni ya msomaji, si yetu. Hii ndiyo iliyonitoa usingizini. Kwanza si kweli. Tuchukulie watu 10,000 wanafungua ukurasa ule kwa siku: ni GB 140 zinazotoka kwenye seva tunayoilipia. Ukishushwa hadi MB 2 zinakuwa GB 20. Pili, hata kama ingekuwa kweli, hiyo ni lugha gani kwa mtu anayekulisha? Aprili 2021 bei mpya za vifurushi zilipoanza, wananchi walipiga kelele mpaka serikali ikazisitisha. Magazeti yote tuliandika, tukasema mnyonge anaumizwa. Tuliandika hivyo kwenye kurasa hizi hizi zinazomla mnyonge.

Sisemi kwamba upakiaji mvivu unaponya kila kitu. Ile picha kubwa ya juu kabisa usiiwekee, maana msomaji anaihitaji papo hapo, ukiichelewesha unamkera. Taja upana na urefu wa kila picha, la sivyo maandishi yatarukaruka picha zikiingia na mtu atabonyeza asichokusudia. Na kabla ya yote, punguza picha yenyewe. Picha ya MB 4 ikisubiri zamu yake bado ni MB 4 ikifika. Ukiikata iendane na nafasi yake ukaihifadhi kama WebP, inaweza kushuka chini ya KB 100 na hakuna msomaji atakayeona tofauti kwenye simu.

Kila kikao cha chumba cha habari tunalia kwamba vijana hawasomi, kwamba mitandao ya kijamii imetunyang'anya wasomaji. Inawezekana. Lakini mama yangu mdogo alitaka kusoma. Alitoa shilingi 500 yake, fedha inayotosha kununua nyanya za mboga, akaja mlangoni kwetu. Sisi tukamrudisha na picha ya utepe.

Nilimrushia salio akanunua bando jingine. Safari hii sikumpa anwani ya tovuti. Niliinakili habari yangu yote nikamtumia kama ujumbe wa kawaida wa WhatsApp, maandishi matupu. Akasoma mpaka mwisho, kisha akanionyesha kwamba nimekosea jina la kijiji kimoja.

Hilo kosa nimelirekebisha siku hiyo hiyo. Ukurasa wa mbele mpaka leo ni MB 14.

Naomba kutoa hoja.