Si Kila Jani Ni Chakula cha Samaki

Wakulima wengi wa skimu wenye mabwawa hudhani jani lo lote la majini ni chakula cha samaki. Mimi sikubali. Mwenye jamaa Kambi Muru, Kibera, akienda kuwaamkia na ateremke mpaka Bwawa la Nairobi, lililojengwa mwaka 1953 kwa maji ya kunywa. Zamani mashua za tanga zilishindana hapo. Kisha likaja gugu maji la Amerika ya Kusini, likatanda juu ya maji.

Ua lake la zambarau ni zuri, na hapo ndipo watu hunaswa. Usilitie bwawani mwako! Ngege, yaani tilapia, hula hasa vijani vidogo mno vinavyoyafanya maji yawe ya kijani, navyo havioti pasipo jua. Gugu likifunika maji, hewa hupungua, na alfajiri moja utawakuta samaki wako wa miezi sita wanaelea. Kambare huvumilia, maana hupanda juu kuvuta pumzi.

Afadhali samadi kidogo ya ng'ombe. Zamisha mkono hadi kiwiko: ukiviona vidole vyako waziwazi, ongeza, vikipotea kabla maji hayajafika kiwikoni, acha kwanza.