Unanyonyesha? Mwambie Nesi Kabla ya Kidonge

Hapa Karagwe, na kwa jirani zetu wa Kyerwa, bi harusi wa mwaka jana ndiye mzazi wa mwaka huu, na fundi cherehani huyasikia mengi akipima nguo. Linalosemwa sana ni kwamba dawa za uzazi wa mpango hukausha maziwa. Basi wengine wanaziogopa zote, wengine wanameza kidonge cha shoga bila kuuliza.

Mimi naona yote mawili yanamuumiza mtoto. Dawa hizi si moja. Vidonge vyenye homoni ya estrojeni vinaweza kupunguza maziwa. Shirika la Afya Duniani linashauri anayenyonyesha avisubirishe mpaka mtoto atimize miezi 6. Vidonge vya projestini peke yake na vipandikizi havijaonekana kupunguza maziwa wala kudumaza mtoto. Sindano ya miezi 3 ingoje wiki 6 baada ya kujifungua. Kitanzi cha shaba hakina homoni kabisa.

Suratul Baqara, aya ya 233, imetaja miaka 2 kamili ya kunyonyesha kwa anayetaka kutimiza. Masahaba walifanya azli, na Mtume (S.A.W.) hakuwakataza. Kwa hiyo kupanga na mumeo si aibu, ni kulinda haki ya mtoto ya kunyonya.

Ukifika zahanati, neno lako la kwanza liwe: "Nesi, mimi ninanyonyesha." Allah atuhifadhie wana wetu, amin.