Formalini Kwanza

Yamkini hakuna habari ya utabibu iliyowapa watu matumaini katika miongo hii kuliko ile ya dawa ambazo, badala ya kuangamiza kila seli iliyo mbioni kukua, huizuia protini maalumu ambayo saratani ya matiti huitegemea ili istawi na kuhama kutoka titini hadi mapafuni, mifupani na hata ubongoni. Mashuhuri miongoni mwazo ni trastuzumabi, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1998 na kutiwa na Shirika la Afya Duniani katika orodha ya dawa muhimu mwaka 2015, nayo huikamata protini iitwayo HER2.

Amma sisi wa Dodoma tumezoea kulalamikia bei ya dawa hii, na bei kweli ni balaa. Lakini liko jambo linaloitangulia. Katika kila wagonjwa 100 wa saratani ya matiti, 15 hadi 20 tu ndio wenye HER2 iliyozidi, na hakuna tabibu, awe hodari kiasi gani, awezaye kuwatambua kwa kuwapapasa. Shahidi ni kipande cha nyama kilichotiwa katika formalini, dawa ya kukihifadhi, bila kukawia, kikagandishwa ndani ya nta, kikakatwa vipande vyembamba kuliko unywele, kisha kikatiwa rangi. Kikiachwa mezani kwa saa nyingi, au kikishindiliwa katika kichupa kidogo, protini huharibika, na jibu haliaminiki tena, hata darubini ingekuwa ya thamani gani.

Twajivunia, na ni haki yetu, Hospitali ya Benjamin Mkapa iliyofunguliwa mwaka 2015, na treni ya umeme ambayo tangu 2024 imetusogeza karibu na Taasisi ya Saratani ya Ocean Road. Ilhali mwanamke wa Mpwapwa au Kondoa aghalabu huanzia hospitali ya wilaya, na huko ndiko kipande chake huhifadhika au huharibika. Basi bajeti na ianze na formalini ya kutosha, vyombo vyenye midomo mipana, na daftari ambamo muuguzi ataandika saa nyama ilipokatwa na saa ilipotiwa dawani. Wapo watakaouliza kuna faida gani kupima ikiwa dawa yenyewe ni adimu. Nami nawauliza, mkoa utaagizaje dawa kwa wagonjwa ambao haujui idadi yao?